Askari wa Wafalme Wawili

Mkataa kwao mtumwa, husema wahenga. Nyumbani kwa kina Lesieli, kijijini Kolovai, methali hiyo ilisimama kichwa chini miguu juu: mtumwa alikuwa yule mwenye kwao kuwili. Kaka yake, Maka, alizaliwa Sydney, akalelewa hapa Tonga, akawa raia wa huku na huku. Sasa alikuwa Australia, kuruta wa bendi ya jeshi.

"Askari wa wafalme wawili," Shangazi Vaimoana alimtania, maana Tonga na Australia kila moja ina mfalme wake. "Siku wakigombana, atampigia nani tarumbeta?"

Kila Jumapili, chakula kikishafukuliwa kwenye tanuri la ardhini, Maka alipiga simu ya video. Baba, mwalimu wa bendi ya kanisa, alimpulizia kipande kilekile cha wimbo kwa tarumbeta yake, na Maka akajibu kwa yake. Ndiyo iliyokuwa salamu yao.

Jumapili hiyo tarumbeta ilining'inia ukutani. Baba alilala mkekani, jasho likimtiririka. Kwa miezi alikuwa amekificha kidonda cha mguu ndani ya soksi, akiogopa kisu cha daktari, na sukari ikakiozesha. Sasa daktari alisema wamechelewa.

"Maka asiambiwe," Shangazi aliamua. "Karibu anahitimu. Akija sasa, nafasi yake atapewa mwingine."

Mama aliinamisha kichwa. Dada wa baba akishasema, nyumba nzima imesema.

Simu ikalia.

"Baba yako kaenda kanisani," Shangazi alisema, akijichekesha.

"Bila tarumbeta? Mbona naiona hapo ukutani?" Maka akauliza. "Hebu nipe mdogo wangu. Lesi, wewe uongo huuwezi. Baba yuko wapi?"

Shangazi alimkazia macho. Lesieli aliipokea simu.

"Yuko hapa, kaka. Anakufa."

Maka aliomba ruhusa, akaja. Alipuliza kile kipande akiwa bado uani, na ndani Baba akainua kidole, akahesabu mapigo mpaka mwisho. Asubuhi iliyofuata hakuamka.

Msibani, Shangazi alishika mkasi. Kwa desturi yao, dada wa marehemu ndiye akataye nywele za watoto wake, ishara ya maombolezo.

"Umenivunjia heshima," alimwambia Lesieli mbele ya ukoo. "Umemharibia kaka yako. Wenzake wanahitimu leo, yeye yuko hapa analia. Niombe msamaha!"

"Kwata nitaanza upya na kuruta wajao, shangazi," Maka alisema. "Baba ningemwanzia wapi upya? Alificha kidonda, kikamla. Nanyi mkaficha ugonjwa, ukataka kunila mimi. Kinachofichwa ndicho kinachooza. Mtoto huyu peke yake ndiye aliyefungua dirisha."

"Sijakuuliza wewe! Lesieli?"

Lesieli alipiga magoti. Alizikusanya nywele zake ndefu, akamwekea Shangazi kiganjani.

"Nywele kata, shangazi, ni haki yako. Msamaha siombi."