Kipimo cha Kwanza cha Tusekile

Langoubongo lilimsoma Tusekile kwa sekunde tatu. Alipita katikati ya nguzo mbili nyeupe, akahisi kama mtu amempulizia kisogoni, na ukutani maandishi ya kijani yakawaka: MZIMA. ASILIMIA TISINI NA NANE.

"Rudia," akasema.

"Nimesharudia mara mbili, mama." Mpimaji, mwanamume mnene aitwaye Anyosisye, alisogeza kiti chake. "Lango halisemi una akili nyingi au kidogo. Linachukua mwendo wa umeme wa kichwani mwako leo, linaulinganisha na wa siku ulipopimwa mara ya kwanza. Ukishuka zaidi ya kumi, linakuandika mgonjwa. Wewe umeshuka mbili. Hizo ni umri."

"Jana nimeacha jiko linawaka, nikatoka. Juzi nimeshindwa kushuka ngazi za nyumbani kwangu kwa kizunguzungu. Nikisoma kurasa mbili, natapika. Nina miaka thelathini na tisa. Huo ni umri gani?"

"Mimi nakuamini. Ila anayetoa cheti cha kuumia si mimi, ni lango."

Bila cheti, hospitali haikuwa na ruhusa ya kumfanyia tiba ya kuunganisha neva. Tusekile alivaa miwani yake myeusi akatoka bila kuaga.

Alijua kosa lilikuwa wapi. Alikuwa amelijua miaka yote mitatu ya kunyimwa cheti.

Alicheza mpiraruka miaka kumi na moja, hapa hapa Mbeya, katika uwanja unaoonekana kutoka kwenye dirisha la jengo hili. Viatu vya mchezo ule humrusha mtu mita nne juu, na wawili wakiufuata mpira mmoja hukutana hewani, kichwa kwa kichwa. Alikuwa ametikiswa ubongo mara saba, kwa zile anazozikumbuka. Kila mara alipelekwa langoni, na kila mara lango lilimrudisha uwanjani. Sababu ilikuwa rahisi. Siku ya kipimo cha kwanza, akiwa na miaka ishirini, alikuja baada ya kukesha siku mbili makusudi, akajibu maswali polepole kama mlevi. Lango likapewa mtu mwenye usingizi, likaamini kwamba huyo ndiye Tusekile. Baadaye kichwa kilipoharibika kweli, kilishuka mpaka kwa yule mtu wa usingizi, na lango likaandika mzima.

Alipokuwa nahodha aliwafundisha wenzake ujanja huo. Walicheka sana.

Ukumbini binti yake, Lusekelo, mwenye miaka kumi na saba, alikuwa akingoja zamu. Leo alikuja kuchukua kipimo chake cha kwanza, ili Jumamosi ajaribiwe kwenye timu ya vijana. Tusekile hakuketi. Alitembea ukuta hadi ukuta. Taa zilimchoma hata nyuma ya miwani. Roboti ya kufagia ilimpita ikivuma, ikageuka, ikampita tena. Mara ya tatu aliiinua, akailaza chali juu ya benchi, magurudumu yakabaki yakizunguka hewani.

"Mama, jamani! Watu wanaangalia."

"Waangalie. Wamepewa macho ya nini?"

Lusekelo alicheka, na kicheko kikaishia kwenye mwayo. Mwayo mrefu. Tusekile akasimama. Akamvua kofia, akamtazama macho. Yalikuwa mekundu.

"Umelala saa ngapi?"

"Kawaida."

"Lusekelo."

"Nilikuwa nasoma."

"Wewe? Mitihani umemaliza mwezi uliopita. Umesoma nini, kopo la uji?"

Msichana akatazama chini, kisha akainua kidevu. "Kocha Subilaga ametuambia sote tukeshe. Tena amesema ujanja ni wako. Anakusifu kabisa, mama. Anasema bila wewe timu yenu isingemaliza hata msimu mmoja."

Tusekile alihisi sakafu ikiyumba, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na hakika kama ni kichwa.

"Vaa kofia. Twende nyumbani."

"Siendi. Usajili unafungwa leo."

"Nimesema twende."

"Wewe ulicheza miaka kumi na moja! Mimi hata mmoja sijacheza!"

"Na unaniona nilivyo."

"Nakuona." Sauti ya Lusekelo ilishuka. "Nakuona unashinda kitandani, unatufokea tukifungua pazia. Halafu lango linaandika mzima. Kila ukija linaandika mzima. Mimi nimwamini nani?"

Tusekile aligeuza uso kuelekea chumba cha kipimo. Maandishi ya kijani yalikuwa bado yanawaka kule ndani.

Mlango ukafunguka, Anyosisye akatokeza kichwa. "Lusekelo Mwaijande. Karibu."

Msichana alikwenda haraka kabla hajavutwa mkono. Tusekile alimpita mlangoni kwa bega, kama alivyowapita mabeki zamani, akasimama katikati ya nguzo mbili. Lango likalia kwa hasira.

"Usimpime. Amekesha makusudi ili kipimo kitoke kibovu. Na mimi nilikesha. Kipimo changu cha kwanza ni cha uongo."

Anyosisye alizima sauti ya lango. "Mama, unaelewa unachosema? Nikiandika hivyo, faili lako linafutwa. Utarudi kwa madaktari wanaouliza kwa mdomo, na foleni yao ni miaka minne. Binti naye atazuiwa siku thelathini."

"Mama, usiseme," alisema Lusekelo. "Nakuomba. Jumamosi itapita."

"Andika," Tusekile akasema.

"Na uliowafundisha? Sheria inataka waitwe wote. Nao humu wameandikwa wazima."

"Najua. Andika na hao. Subilaga Mwambungu, huyo kwanza. Atuganile. Twilumba Sanga. Na..."

Alikwama. Alimwona mtu wa nne akilini vizuri kabisa: beki mrefu, jino la mbele limevunjika, anacheka mdomo wazi huku anafunga viatu. Jina halikuja. Akapiga nguzo kwa ngumi. Halikuja.

"Kapumzike, mama," alisema Anyosisye kwa upole. "Utarudi kesho uendelee."

"Kesho nitakuwa nimebaki na majina mawili."

Lusekelo alikuwa ameupa chumba mgongo, anajifuta uso kwa mkono wa sweta.

"Mwenye jino?" akauliza bila kugeuka.

"Huyo huyo."

"Tumwene. Alikuwa anakula kwetu kila Jumapili. Siku hizi mchana hatoki nje, mwanawe ndiye anayemwendea dukani."

"Tumwene Kasyupa," Tusekile akasema, na mpimaji akaandika, akauliza: "Anayefuata?"

Tusekile akafungua mdomo. Lusekelo akavuta kiti, akaketi mbele ya mpimaji, macho bado mekundu.

"Mimi nimekulia kwenye mechi zao," akasema. "Niulize mimi."