Fundo la Soksi

Shoga yangu mama Yeon-suk hakuwapenda hata kidogo wale watu wa filamu waliokuja kijijini kwetu kuigiza mauaji ya binti yake. Polisi walishindwa kumpata aliyemuua Yeon-suk, wakampiga mjinga wa kijiji mpaka akakiri. Sasa na hawa wamekuja kuchuma kwa maiti. Alikubali kuwapikia ili apate kuwatukana kwa karibu.

Jioni, wenzao wote wakiwa mezani wanakunywa supu, alibeba bakuli hadi kwenye kalvati la chini ya barabara, kando ya shamba la mpunga, alikolala kujizoeza msichana wa kuigiza maiti. Mle ndani giza totoro, maji yanadondoka, to, to, to.

"Amka ule. Maiti wa kulipwa naye ana tumbo."

"Nifungue mikono kwanza, mama. Aliyenifunga hakusema neno, na amekaza mno."

Alimulika tochi. Ilikuwa soksi, imezungushwa mara mbili, fundo limefichwa kiganjani. Fundo lile lile alilolifungua kwa meno mikononi mwa Yeon-suk, na polisi hawakuwahi kumuuliza habari zake.

Akarudi mezani amefura. "Nani kamfunga mtoto wa watu?"

Mwongozaji akaweka kijiko chini. "Kumfunga ni kesho, mama. Soksi zenyewe hatujanunua."