Maji Hayasumbui

Jioni ile Chiriku aliosha vyombo huku akiimba. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa kuwa mdomo wa mtoto huyu haukujua kupumzika.

Familia ilikuwa inahama, na nyumba za kuchagua zilikuwa mbili: moja bondeni, jirani na shule, nyingine kilimani, yenye ngazi nyingi. Baba, fundi cherehani, alikuwa amemtuma Chiriku kwa jirani wa bondeni akaulize kama mvua kubwa huingiza maji ndani.

"Amesemaje?" baba akauliza.

"Amesema maji hayasumbui."

Kweli, jirani alisema hivyo. Ila Chiriku alikuwa amemwuliza tu, "Maji huku vipi?" na yule mama, ndoo mkononi, akajibu kuhusu maji ya bomba. Nyuma yake Chiriku aliona kitanda kimeinuliwa juu ya matofali, godoro linamfika kifuani, naye akafyata mdomo. Rafiki yake aliishi mtaa ule, na ngazi alizichukia.

"Basi bondeni," baba akasema. "Kilimani upepo huezua mabati."

"Na bibi haziwezi ngazi," Chiriku akadakia.

Bibi, ambaye miguu ilimsumbua, akatabasamu. "Ahsante kunifikiria, mjukuu wangu. Mniwekee godoro chini tu, kitanda kinanishinda kupanda."

Uso wa Chiriku ukawaka kwa aibu. Wimbo ulikuwa umekwisha zamani.

"Baba, alisema maji ya bomba. Ya mvua sikumwuliza. Na kitanda chake kiko juu ya matofali."

Hakuna aliyemgombeza. Mama aliacha kukunja nguo, akamtazama bibi, na Chiriku akatamani ardhi immeze.

Kesho yake baba alifuatana naye hadi kwa jirani, akamwambia aulize vizuri.

"Ya mvua?" jirani akasema. "Mwanangu, yale hayabishi hodi. Mwaka jana yalitukuta usingizini, tukatoka na roho zetu tu."

Chiriku hakuweza kumtazama baba usoni njia nzima.

Walihamia kilimani, baba akayakaza mabati kwanza. Siku ya kuhama, Chiriku alimshika bibi mkono, wakapanda ngazi polepole. Katikati bibi akaketi kupumua.

"Bibi, unisamehe."

"Nimekusamehe. Kila mahali pana hatari yake, mjukuu wangu. Ya upepo tuliambiwa, tukaiwekea misumari. Ya maji ulitufichia, ningelala nayo chini." Akamgusa shavu. "Miaka yote nakutania kwa kusema sana. Siku ya kusema, ndiyo uliyonyamaza."