Pumzi Tatu

Mjamzito alipuliza mara tatu kwenye tundu la kinusapumzi, na kabla hajafuta midomo mashine ikamjibu: "Hongera, mwanangu. Homa ya Ngole haimo." Mashine ilinusa pumzi na kubaini harufu ya virusi kwa nukta chache tu. Sauti ilikuwa ya Mkunga Kabula, aliyekufa katika wimbi la kwanza la homa ile. Mdogo wake, Dkt. Nyamizi, ndiye aliyeiunda mashine na kuipa sauti ya marehemu. Kwa miaka kumi na miwili wajawazito wote wa jiji la Igombe Mpya waliitikia "Asante, mama," kana kwamba Kabula yu hai.

Sasa waraka wa kukomesha upimaji wa lazima ulikuwa mezani kwa Nyamizi, ukisubiri sahihi yake. Miezi arobaini ilikuwa imepita bila mgonjwa hata mmoja. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Nyamizi alikuwa ameona wodi nzima ya wazazi ikibaki vitanda vitupu ndani ya wiki moja, wote wamekufa. Aliogopa, basi.

"Daktari, tunaendelea kupima ili iweje?" aliuliza Masele, mtakwimu wa hospitali.

"Kupima hakumuumizi mtu, Masele. Ni pumzi tu."

Masele akafungua faili. "Mwaka jana tulipima wajawazito elfu kumi na moja. Mashine ikasema homa imo kwa kumi na mmoja. Inakosea mara moja kwa kila elfu. Enzi za homa, kosa hilo lilimezwa na wagonjwa wa kweli. Sasa wagonjwa wameisha, yamebaki makosa matupu. Wote kumi na mmoja walikuwa wazima."

"Na sindano ya kuchota maji ya mfuko wa uzazi ilithibitisha hivyo. Ndio utaratibu."

"Ilithibitisha. Ila wawili sindano hiyohiyo iliwaharibia mimba. Watoto wazima kabisa, Daktari."

Nyamizi akalivuta faili. Ripoti zile zote zilipita mikononi mwake. Kila moja aliisoma mpaka penye "hakuna maambukizi", akamshukuru Mungu, akaifunga. Hata siku moja hakugeuza ukurasa wa pili.

Sasa akaugeuza kwenye ripoti za wale wawili waliopoteza mimba, akasoma majina yao. Kisha akausaini waraka.

Alipoingia chumba cha vipimo kuizima mashine, alimkuta binti yake Kalunde, mwenye mimba ya miezi minne, ameketi mbele ya kinusapumzi.

"Mama, nipime mimi tu, halafu uizime. Nataka mama mkubwa aniambie tuko salama."

Nyamizi alitamani kukubali kuliko alivyowahi kutamani kitu. Pumzi tatu tu. Lakini je, ikisema homa imo? Angeweza kukaa bila kuagiza sindano? Alijijua.

"Hapana, mwanangu."

"Wenzangu wote umewapima, mimi mwanao ndiyo unaninyima?"

"Ndiyo," alisema Nyamizi huku machozi yakimlengalenga, akabonyeza swichi. Taa ya mashine ikazimika.

Kalunde akainama, akapuliza hivyohivyo, mara tatu. Kisha mama na mwana wakakaa, kila mmoja ametega sikio.