Darasa la Nyuma ya Jiko

Naanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, asiyehitaji daftari kuwajua waja wake, wala asiyemsahau aliyeketishwa nyuma ya wote. Kisha nawataja watu wa kisa hiki kwa mpango wao. Wa kwanza ni Doto, binti wa miaka kumi na mitatu kutoka Didia, aliyesoma Kidato cha Pili katika shule moja ya Kalangalala, mjini Geita. Wa pili ni Scolastika wa Kidato cha Kwanza D, ambaye baba yake huchekecha mchanga wa almasi huko Maganzo. Bwenini, Doto alilala kitanda cha juu, Scolastika cha chini. Wa tatu ni Mwalimu Swaleh, mwalimu wa kompyuta. Wa mwisho ni Bibi Ndaki, bibi yake Doto.

Kila asubuhi, baada ya kufagia bweni, Doto alikwenda kufungua madirisha ya chumba cha kompyuta, kwa kuwa alikuwa kiranja wa chumba hicho. Jumatatu moja alimkuta Mwalimu Swaleh ameinamia karatasi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Doto. Tunanunua bawabu."

"Mlinzi mwingine? Kwani Mzee Magesa hatoshi?"

Mwalimu akacheka. "Mzee Magesa analinda geti. Huyu atalinda mtandao. Ni kisanduku cha chuma. Kila ukurasa utakaoingia shuleni utapita kwake kwanza, na wenye virusi au ulaghai ataurudisha. Umesahau lile tangazo la dhahabu ya bure lililotufungia kompyuta nane?"

"Sijasahau. Valerian ndiye aliyelibofya, na mpaka leo tunamwita Tajiri."

"Basi sikiliza. Bawabu huyu hupangiwa mambo mawili. La kwanza ni nguvu ya mashine yenyewe, kwani punda mmoja akitwishwa mzigo wa punda watatu atalala njiani. La pili ni leseni, yaani idhini ya idadi ya watu atakaowahudumia. Ikiandikwa mia mbili, wa mia mbili na moja hafunguliwi, hata alie. Nenda darasa kwa darasa, uniletee idadi ya wote wanaotumia mtandao wetu. Usichukue rejista za Januari. Wengi wamehamia tangu hapo."

Doto akazunguka siku mbili. Likabaki darasa moja tu, Kidato cha Kwanza D, ambalo kwa uhaba wa vyumba lilikuwa limewekwa katika ghala la zamani nyuma ya jiko. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ya huko imegeuka tope. Uwanjani, filimbi ya netiboli ililia.

"We Doto!" Asteria, nahodha wa timu, akapaza sauti. "Unahesabu watu au ng'ombe wa mahari? Njoo bwana!"

Doto akasita. Ndipo alipokumbuka mwiko aliofundishwa na Bibi Ndaki, kwamba watu hawahesabiwi, asije mmoja akapungua. "Nimekwisha kuwahesabu wengi mno," akajiambia, "nisizidishe mkosi." Lakini moyo wake ulijua kwamba hakuuogopa mwiko. Aliogopa tope.

"Mia mbili na kumi na wawili, Mwalimu," alisema kesho yake.

"Umefika madarasa yote?"

"Yote."

Mwalimu akaongeza wanane wa akiba, akaagiza kisanduku na leseni ya watu mia mbili na ishirini.

Muhula uleule ulitangazwa mtihani wa ufadhili kwa wasichana wa Kidato cha Kwanza wanaopenda sayansi. Ulifanyika mtandaoni, siku moja tu, saa nne hadi saa sita, na haukufunguka ila kupitia anwani ya mtandao wa shule. Scolastika alijiandaa kwa miezi miwili.

"Baba amesema muhula huu ndio mwisho wake wa kulipa ada," alimnong'oneza Doto. "Nikipata ufadhili, nitasoma. Nikikosa, narudi Maganzo kushika chekecheo."

"Utapata. Wewe hesabu unazitafuna kama michembe ya viazi vikavu."

Siku ilipofika, madarasa mengine yalikwisha kuingia mtandaoni tangu asubuhi. Saa nne kamili Scolastika akaandika jina lake na neno la siri. Maandishi mekundu yakatokea: *Idadi ya watumiaji imekamilika.*

"Dada Doto, nimekosea wapi?"

Doto akatoka kumwita Mwalimu. Mwalimu Swaleh akaja mbio, akawaondoa watu wengine mtandaoni, lakini kwa masharti ya leseni ile nafasi iliyokwisha kutumika haikuachiwa mpaka siku ya pili. Na kisanduku, kilichoelemewa tangu asubuhi, kikaganda. Akakizima, akakiwasha. Saa tano ikapita. Saa sita kengele ikalia, na Scolastika bado ameshika penseli.

"Mwalimu," Doto akasema, "Kidato cha Kwanza D sikufika."

Mwalimu akakiacha kisanduku. "Mle wamo arobaini na wanane," akasema. "Na mimi nimekosa. Nilipokea namba bila kuuliza majina."

Aliwaandikia waandaaji wa mtihani barua mbili. Majibu yalikuwa mamoja: muda umekwisha. Mwisho wa mwezi baba yake Scolastika akaja kumchukua. Akifunga godoro lake, Scolastika akamgeukia Doto.

"Umelala juu yangu muhula mzima. Namba hukuijua. Hata jina langu hukulijua?"

Siku ya wazazi Bibi Ndaki alifika na mfuko wa michembe. Doto akamweleza yote, na mwishoni akautaja ule mwiko.

"Ng'wanawane, mwanangu," Bibi akasema kwa ukali, "uongo wako usiniwekee mimi mgongoni! Sisi watu hatuwahesabu, tunawataja. Babu yako hakusema ana ng'ombe wangapi, lakini waliporudi zizini alimwita kila mmoja kwa jina, na aliyekosekana alifuatwa papo hapo. Mwiko ule unakukumbusha kwamba mtu si namba. Nani alikwambia ni ruhusa ya kumwacha?"

Jumatatu Doto akaanza upya, safari hii kwa majina. Alianzia nyuma ya jiko, viatu mkononi, akapita katika tope. Akawaandika wapishi, akamwandika Mzee Magesa, na kwa shauri la Mwalimu akaacha nafasi kwa watakaoingia mwakani. Kikaja kisanduku chenye nguvu zaidi na leseni pana, na tangu siku hiyo hakuna aliyefungiwa nje.

Mwalimu alipoisoma orodha mbele ya darasa, alikuta jina la kwanza ni la Scolastika.

"Huyu ameondoka, Doto."

"Najua, Mwalimu. Naomba nafasi yake isijazwe."

Mwalimu akakunja karatasi, akaligeukia darasa. "Wanangu, bawabu hakumdhulumu Scolastika. Alitii uongo tuliompa. Anayepangia wengine ameshika amana. Basi neno 'yote' lisitoke kinywani mpaka miguu iwe imefika kote. Tope huoshwa kwa maji. Hili la Scolastika, sisi hatuna maji ya kuliosha."

Ewe Mola, mfungulie Scolastika mlango ambao hakuna mja awezaye kuufunga. Na hawa waliobaki, wape ndimi za kweli na miguu isiyochagua njia kavu, uwabariki wao na watakaokalia madawati yao. Amina.