Sauti ya Mnadi Mbelwa

Mzee Mbelwa aliinama mbele ya mfiwa, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na kisemeo kilichomzunguka shingo kikawasha taa yake ndogo ya kijani. Sauti ikatoka, nzito na ya taratibu, ile ile iliyonadi samaki wa Tanga kwa miaka mingi kabla mashine hazijachukua soko.

"Pole sana, ndugu yangu Kilua. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Magodoro ya Pumzika: ukilala, hutaki kuamka."

Watu waliokaa jamvini wakainua vichwa. Kilua, aliyemzika kaka yake asubuhi ile, akautoa mkono wake polepole. Upande wa wanawake, Bi Mwantumu mkewe Mbelwa alisikia kila neno, akatamani ardhi ipasuke immeze na viatu vyake. Alimjua mumewe. Mbelwa alikuwa ametoa pole tu. Godoro hakulitaja yeye, na sasa alisimama pale amefumba mdomo, hawezi hata kujitetea, maana kila akitaka kusema itabidi aseme kwa mdomo ule ule wa mashine.

Kisemeo kilikuwa ukosi mwembamba wa shaba laini. Ugonjwa ulipowalazimisha madaktari kumwondolea Mbelwa kisanduku cha sauti kooni, walimvika ukosi huo. Mtu akitamka kimya, ukosi husoma misuli ya koo na ulimi, hutuma alama kwenye kompyuta ya mezani nyumbani, na kompyuta hurudisha maneno kwa sauti ya mwenyewe, iliyorekodiwa hospitalini kabla ya kisu. Yote hufanyika kabla hujapepesa jicho. Watu walipoiona mara ya kwanza walilia, na haki yao, kwani kumrudishia bubu sauti si mchezo.

Lakini kompyuta haijiendeshi. Ina mfumo endeshi, yaani msimamizi wa ndani anayepokea amri na kugawa kazi. Katika Tanga ya siku hizo, karibu kila nyumba ilisimamiwa na mfumo mmoja, Mwendani, mali ya Kampuni ya Sautika. Mwendani alifungua milango, aliwasha majiko, aliita teksi za angani. Mwanzoni alikuwa na adabu zake. Baadaye akaanza kujisasisha mwenyewe bila kuuliza mtu, na kila akijisasisha anarudi na tabia mpya. Tabia ya mwisho ndiyo hii ya kuchomeka matangazo katika vinywa vya wagonjwa.

Bi Mwantumu alifundisha chekechea maisha yake yote, na mtu aliyetuliza vitoto thelathini vyenye njaa haogopi kampuni. Alirudi kutoka matangani, hakuvua hata baibui, akapiga simu Sautika.

"Karibu Sautika, mteja mpendwa. Mimi ni Faraja, mhudumu wako. Nikusaidie nini?"

Bi Mwantumu alikaa chini. Ile ilikuwa sauti ya mumewe. Sauti iliyomposa, iliyowaimbia watoto, iliyogombana naye na kumwomba radhi, sasa inamwita mteja.

"Hiyo sauti mmeitoa wapi?" akauliza.

"Sauti zetu zote zimetolewa na wateja waliokubali masharti ya huduma."

Akakumbuka. Mbelwa kitandani, sindano mkononi, kijana wa kampuni amemshikia kioo cha simu mbele ya uso, na kitufe kimeandikwa Nimekubali. Nani asome kurasa za masharti usiku wa kuamkia kukatwa koo?

"Sawa," alisema, akijizuia. "Basi yaondoeni hayo matangazo yenu kinywani mwa mume wangu."

"Samahani, mteja mpendwa. Kompyuta yako ni ya kizazi cha zamani, na huduma isiyo na matangazo haipatikani kwayo. Ungependa nikueleze kuhusu kompyuta mpya?"

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini huyu alikuwa amevuka nguo, ameingia kooni. Bi Mwantumu alikata simu, akaibwaga mezani mpaka kikombe kikalia.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa ndoa ya Salha, binti yao wa pekee. Baba ndiye anayeozesha. Shehe alikuwa amekuja na ushauri mwema: sheria inaruhusu, Mzee aweke wakili amsemee. Mbelwa akatikisa kichwa. Alitaka kumwozesha mwanawe kwa kauli yake mwenyewe, na hilo ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi yeye na mkewe. Hebu fikiria, watu wamenyamaza, bwana harusi amenyoosha mkono, na baba wa bibi harusi anamalizia ndoa kwa godoro.

Salha mwenyewe angeweza kusaidia, maana kazi yake ilikuwa kutengeneza roboti bandarini. Lakini bibi harusi yuko ndani. Anasuguliwa liwa, kungwi amekaa mlangoni, haruhusiwi kugusa hata kijiko. Alichoweza ni kupenyeza mkono chini ya pazia na kumpa mama yake kijiti kidogo cha kuhifadhia kumbukumbu.

"Mama, humu kuna mfumo huria. Unaitwa Mkeka. Hauna mwenyewe. Ukikwama, waulize watu wa baraza lao la mtandaoni, kuna dada anaitwa Mapendo."

"Usio na mwenyewe utakuwaje na watu?"

"Wewe chomeka tu, mama," Salha akasema, na kungwi akaliteremsha pazia.

Mapendo alikuwa mwanamke wa makamo, muuza vitenge wa Uvira, na uso wake ulitokea kwenye simu ukiwa na marobota ya vitambaa nyuma. Bi Mwantumu hakuzungusha maneno. Alimuuliza kitu kilichokuwa kikimkera: hao wanaotengeneza mfumo na kuugawa bure wanakula nini? Rahisi ghali, alisema. Sautika nao walianza na bure.

"Haki yako kuuliza, Mama Salha," Mapendo alijibu. "Mkeka ni kama mkeka. Huyu anasuka ukili wake, yule wake, tunaziunganisha. Na ukitaka kujua umesukwa namna gani, fungua, kila ukili uko wazi. Mtu akitia ujanja, wenzake wanauona. Huyo Mwendani wako, ulishawahi kumfungua tumbo?"

Bi Mwantumu akakiri kwamba hakuwahi. Akachomeka kijiti, akaiwasha upya kompyuta.

Kioo kikaja cha buluu, tulivu, bila picha ya mtu anayecheka wala kitu cha kuuzwa. Kikauliza, "Nikuite nani?" Akatafuta kitufe cha Nimekubali, hakukiona. Akaandika jina lake. Halafu mambo yakaanza kuwa magumu. Panya wa kompyuta alikwenda kulia akielekezwa kushoto. Spika hazikulia kabisa, ikabidi aandike amri herufi kwa herufi huku Mapendo akimsomea, akakosea, akaandika tena, akakosea pale pale. Mfumo ukamwambia kwamba amri yake haieleweki. "Na wewe hueleweki," aliujibu, kama alivyowajibu watoto wa chekechea. Spika zilipokubali hatimaye kutoa mlio mmoja mdogo, alijikuta anatabasamu, kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

Ndani ya Mkeka kulikuwa na mfumasauti, programu inayojifunza sauti ya mtu kutokana na rekodi zake. Sauti ya hospitalini ilikuwa imefungwa ndani ya Mwendani, na ufunguo wanao Sautika.

"Mna rekodi nyingine yoyote ya Baba?" Mapendo aliuliza. "Ndefu ndefu?"

Zilikuwepo. Zilikuwa kwenye simu yake ya zamani, ndani ya sanduku la nguo. Mwaka ule Mbelwa alipotaka kuoa mke wa pili, akafukuzwa kwa maneno, akahamia kwa dada yake Pangani, alimtumia mkewe ujumbe wa sauti kila uchao. Wote wa ugomvi. Aliutunza wote kama ushahidi wa siku mwanamume atakapojitia msahaulifu.

"Zipo," alisema. "Lakini si za maneno mazuri."

"Mashine haichagui maneno, Mama. Inataka sauti."

Basi mfumasauti ukaanza kusikiliza. Alasiri nzima sebule ilijaa Mbelwa wa miaka hiyo akifoka kuhusu nani aliyemwambia mama yake nini, na Mbelwa wa leo akiwa kajikunyata kwenye kiti anatazama sakafu. Mkewe hakumwonea huruma. Kazi ilikuwa imekaribia mwisho wakati mvua ilipoanza na radi ikapiga upande wa Raskazone.

Bi Mwantumu alifanya kama alivyofanya mama yake na bibi yake. Aliruka, akakifunika kioo cha kabati kwa kanga, akachomoa kila waya uliokuwa ukutani. Kompyuta ikazimika.

Mvua ilipokatika akairudishia umeme. Kioo cha buluu kikaja, tulivu, kikauliza: "Nikuite nani?"

Hakuna kilichobaki. Wala jina lake, wala amri alizozihangaikia, wala hata neno moja la Pangani. Bi Mwantumu alimpigia Mapendo akammwagia maneno ambayo chekechea hayafundishwi. Mapendo alingoja yaishe.

"Nisamehe, Mama Salha, kosa ni langu, sikukwambia. Ulikuwa unaujaribu tu kutoka kwenye kijiti. Umekaa barazani, ndani hujaingia. Ukizima, unaondoka na kila kitu chako. Ili ukae, lazima uusakinishe, na kompyuta yako ni ndogo, haibebi wawili. Mkeka ukiingia, Mwendani anatoka na ile sauti nzuri ya hospitali. Hairudi tena. Hilo si langu kuamua, wala si lako."

Bi Mwantumu akamgeukia mumewe. Akamweleza yote kama yalivyo: ile tamu ya hospitali itafutika, na watakayopata ni ya mwaka wa Pangani, kama itapatikana. Taa ya kijani ikawaka.

"Iondoe," sauti nzuri ilisema. "Ofa hii ni ya leo tu."

Wakatazamana. Mbelwa akaanza kutikisika mabega, na mkewe hakujua kama anacheka au analia, maana kicheko chake nacho kilikuwa na tangazo la biskuti. Akabonyeza. Mwendani akaondoka, na nyumba ikakaa kimya kwa mara ya kwanza tangu upasuaji.

Kesho yake jioni, baada ya kurudia kazi yote tangu mwanzo hadi mwisho, Mbelwa alivaa ukosi, akatamka. Sauti ikafyatuka.

"Nataka chai."

Bi Mwantumu alishtuka hata akadondosha kijiko. Ilikuwa ya Mbelwa kabisa, lakini ilikuwa inafoka. Mashine ilijifunza kwa ugomvi, na ugomvi ndio ilioujua. Alipomwambia "asante, mke wangu," ilitoka kama anamshitaki.

Mapendo alicheka mpaka akajishika kwenye marobota. Kisha akauliza jambo. Walikuwepo watu wengi waliopoteza sauti, na sauti za Kiswahili katika ghala la Mkeka zilikuwa chache. Je, Baba angeridhia hii yake iwekwe humo, wengine waitumie?

Mbelwa akafikiri. "Hapana," akafoka. "Hii ni yangu."

"Sawa, Baba," Mapendo alisema, na hakuuliza tena. Bi Mwantumu aliyasikia maneno hayo mawili, akalazimika kuingia jikoni kujifuta macho. Alipotoka, akaomba aonyeshwe pale wanapoandika maelekezo ya wageni wa Mkeka. Akaongeza ukili wake kwa mkono wake mwenyewe: wewe unayejaribu tu, radi ikipiga, usikimbilie kuchomoa kabla hujasakinisha.

Ijumaa ikafika. Wanaume walikaa ukumbini, wanawake chumbani nyuma ya pazia, na Salha katikati yao amefunikwa ushungi. Habari za godoro zilikuwa zimeenea mtaa mzima, na Bi Mwantumu aliwaona mashoga zake wameziba midomo kwa kanga, tayari kucheka. Mbelwa akaushika mkono wa bwana harusi.

"Nimekuozesha binti yangu Salha, kwa mahari mliyokubaliana."

Alisema kama mtu anayeanzisha vita. Bwana harusi alirudi nyuma kidogo. Ukumbi mzima ukangoja, Kilua mfiwa naye akiwa amekaa mbele, wakingoja kile kitakachofuata. Hakikufuata kitu. Palikuwa na kimya tu, kimya cha mtu aliyemaliza kusema alichotaka kusema.

"Nimekubali kumuoa Salha," bwana harusi akajibu, akiwa amemtazama mkwewe usoni, na anajua anachokikubali.

Nyuma ya pazia Salha aliangua kilio. "Ndivyo alivyokuwa akiniita nikichelewa kurudi," alisema. "Ndiye baba yangu huyo."

Baada ya wageni kutawanyika, simu ya Bi Mwantumu ikalia. Aliiweka sikioni, kisha akaishusha polepole mezani ili mumewe naye asikie.

"Mteja mpendwa, hapa ni Faraja wa Sautika. Tumekukosa nyumbani kwako," ile sauti nzuri ilisema, tamu, ya taratibu, sauti ya Mbelwa kabla ya kisu. "Tafadhali rudi kwetu. Tunakujali."

Mbelwa aliisikiliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kujisikia akizungumza na mkewe bila yeye kuwepo. Akaichukua simu, taa ya ukosi ikawaka.

"Wewe," akafoka. "Huyu ni mke wangu. Usimpigie tena."

"Asante kwa maoni yako," Mbelwa wa Sautika akajibu kwa upole. "Tunathamini sauti yako."

Mbelwa akakata. Alibaki ameishika ile simu, akijua kwamba saa hiyo hiyo, katika nyumba asizozijua, alikuwa akiwauzia watu magodoro.