Mlango wa Wagonjwa

Siku ya soko mjini Thika kila mtu huangalia kapu lake, lakini Dismas Wamalwa alitazamwa na soko zima, kwa kuwa alikuwa akikimbiza karatasi. Upepo ulikuwa umempokonya ramani na kuipeperusha kati ya mafungu ya viazi, mpaka mkongojo mmoja ukaikanyaga.

"Taratibu, dada! Hiyo ni mali ya serikali!"

"Ngai, Mungu wangu! Sikujua serikali ina mbio hivi."

Aliyesema alivaa gauni la manjano lenye kola nyeupe. Mguu wake wa kushoto, uliopoozwa na polio utotoni, ulishikiliwa na chuma kilichong'arishwa kama kijiko cha wageni. Jina lake Idah Ngendo. Alifundisha watoto katika hospitali ya viungo, ile ile ambayo Dismas alikuwa akiichorea ramani ya kuikarabati na kuipanua.

Tangu hapo simu ya ofisi ya ujenzi alikofanya kazi Dismas haikupumzika.

"Haloo, Bwana Ramani. Darasa langu umeliwekea madirisha?"

"Nimeliwekea mengi, mpenzi. Unataka na roshani?"

"Usinihonge kwa mali ya hospitali, wewe!"

Jumamosi walitembea kando ya mto Chania, mahali penye miti mingi na watu wachache. Jumapili Dismas alikwenda Ruiru peke yake, kwa senge Nakhumicha, shangazi yake, ambako watu wa kwao waliofanya kazi katika mashamba ya kahawa walikutana. Idah alipoomba kwenda naye, alimwambia njia ina tope. Idah akamshukuru kwa kumjali.

Ramani ilipokamilika ilitundikwa ukumbini, wafanyakazi wote wakaja kuitazama. Mbele palikuwa na veranda ndefu, nguzo, na ngazi pana. Walisifu sana. Idah akasogea karibu.

"Ni nzuri, Dismas. Mimi nitaingilia wapi?"

"Nimewafikiria," akasema kwa fahari. "Kuna mteremko usio na ngazi nyuma, unapita jikoni. Hakuna atakayewatazama."

Idah aliufuata ule mteremko kwa kidole, akapita jikoni, akapita kwenye mapipa ya taka, mpaka mlangoni.

"Na kule Ruiru," akauliza kwa sauti ya chini, "kuna tope kweli?"

Mvua haikuwa imenyesha tangu walipojuana.

Dismas alirudi mezani kwake uso ukimwaka. Alitafuta wa kumlaumu, asimpate. Mhandisi hakuwa ameagiza mlango wa nyuma, wala daktari. Mkono uliouchora ni huu wake, na aliuchora akiamini ni wema. Alifuta ngazi, akaleta mteremko mbele, mpana, wa kupitiwa na daktari na mgonjwa pamoja. Kisha akapiga simu.

"Idah, nimebadilisha ramani."

"Watoto wangu watafurahi."

"Na wewe?"

"Mimi si jengo, Dismas."

"Jumapili tutakwenda Ruiru."

"Mchana?"

"Mchana. Baada ya kanisa, wote wakiwa uani."

Walishuka kwenye treni jua likiwa utosini, wakafuata njia kavu mpaka kwa Nakhumicha. Ua ulijaa watu na sufuria za chai. Walipoingia, macho yote yaliteremka kwenye kile chuma. Dismas akamshika Idah mkono na kumwongoza kuelekea ndani ya nyumba.

"Mbona unanikimbiza?" akamnong'oneza Idah.

Hapo akagundua kwamba alikuwa akimvuta ili wafike ndani upesi, mahali pasipo na macho. Hata leo, hata baada ya kufuta ngazi. Aibu ikamshika upya, akasimama pale pale katikati ya ua.

"Senge," akaita, "huyu ni Idah. Nimemficha kwa muda mrefu, na kosa ni langu. Nataka kumwoa."

Nakhumicha akaweka birika chini. "Yeye mwenyewe umemwuliza?"

"Bado."

"Mtoto huyu! Unaniuliza mimi kabla ya mwenyewe?"

Watu wakacheka. Idah hakucheka.

"Uliza nikiwa nimeketi," akasema. "Na si ndani. Niletee kiti hapa hapa."

Dismas akaenda kuleta viti viwili.